Mkate Kabla ya Mfalme: Akiolojia ya Wakulima wa Kwanza na Chimbuko la Dola katika Nchi za Biblia

Utangulizi

Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, asema kwamba ingefaa nembo ya mtawala mwaminifu ichorwe mkate badala ya simba. Na katika Katekisimu Ndogo, ile ambayo watoto wetu wa kipaimara huikariri, serikali njema imewekwa katika orodha moja na chakula, mavazi, nyumba na shamba. Yote hayo ni mkate wa kila siku. Hivyo mapokeo yetu ya Kilutheri yameviunganisha vitu viwili, mkate na mamlaka, na kuvipokea vyote viwili kutoka mkononi mwa Mungu.

Je, vitu hivyo vilizaliwa pamoja? Swali ni la historia, lakini jibu lake lafika hadi mimbarini. Mahubiri mengi juu ya Warumi 13 huchukulia kwamba popote walipo watu wanaolima na kukaa pamoja, hapo hapana budi kuwepo mfalme, kodi na askari, kana kwamba mambo hayo yaliota katika shamba moja na ngano. Katika makala hii twakusudia kueleza yale ambayo wanaakiolojia wameyafukua katika nchi za Biblia na zile zinazopakana nazo. Tutaona kwamba mkate ulimtangulia mfalme kwa miaka ipatayo 5,000. Tutaona pia ni kitu gani kilichoongezwa juu ya kilimo hata dola ikazaliwa, na jinsi Maandiko yenyewe yanavyokikumbuka kitu hicho.

Neno moja kwanza juu ya tarehe. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alitoa hesabu yake ya kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 K.K. Tarehe hiyo ilichapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza, na wapo Wakristo hata leo wanaodhani kuwa ni sehemu ya Maandiko. Tarehe tutakazozitaja hapa zatokana hasa na njia iliyotangazwa mwaka 1949 na Willard Libby na wenzake huko Chicago. Kila kiumbe hai hupokea kaboni kutoka hewani au katika chakula chake, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo, iitwayo kaboni-14, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi baada ya kiumbe kufa. Kwa hiyo punje ya ngano iliyoungua jikoni na kufukiwa yaweza kutuambia ilivunwa lini, na hesabu hiyo husahihishwa kwa kuilinganisha na pete za miti ya kale. Hatuoni sababu ya mchungaji kuziogopa tarehe hizi. Nasaba za Mwanzo 5 na 11 zina kazi yake ya kitheolojia, na Ungamo la Augsburg halina kifungu juu ya umri wa dunia.

Wakulima wasio na mfalme

Mahali pa kuanzia ni Yeriko. Kilima cha kale kiitwacho Tell es-Sultan kiko kando ya chemchemi ambayo mapokeo huiita chemchemi ya Elisha (2 Wafalme 2:19-22). Kati ya mwaka 1952 na 1958 Bibi Kathleen Kenyon wa Uingereza alichimba hapo, na wengi walitazamia kwamba angepata kuta zilizoanguka siku za Yoshua. Alichokipata chini kabisa kiliwashangaza watu zaidi. Ulikuwa ukuta wa mawe, na mnara wa mawe wenye urefu upatao mita 8.5, ukiwa na ngazi 22 ndani yake, uliojengwa karibu na mwaka 8000 K.K., yaani zaidi ya miaka 6,000 kabla ya wakati wowote unaokisiwa kuwa wa Yoshua. Waliojenga mnara huo hawakujua bado kufinyanga vyungu. Kenyon alidhani walijikinga na adui. Mwaka 1986 Ofer Bar-Yosef alipendekeza kwamba ukuta ulizuia mafuriko na matope. Shabaha yoyote waliyokuwa nayo, hakuna jumba la mtawala lililopatikana hapo, wala kaburi lililojaa utajiri kuliko mengine.

Ajabu kubwa zaidi ilifunuliwa kusini mwa Uturuki, katika nyanda zilizo jirani na Harani, mji ambao Tera alikaa pamoja na Abramu (Mwanzo 11:31). Tangu mwaka 1995 hadi kifo chake mwaka 2014, Klaus Schmidt wa Ujerumani aliongoza uchimbaji katika kilima kiitwacho Göbekli Tepe. Kuna nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, nyingine zikifikia urefu wa mita 5.5, zimechongwa mbweha, nyoka, nge na tai, nazo zilianza kusimamishwa karibu na mwaka 9500 K.K. Watu waliozisimamisha waliwinda paa na kusaga nafaka za mwituni. Mmea wa shambani haujapatikana kwao. Schmidt alifundisha kwamba watu walikusanyika kwanza kwa ajili ya ibada, na kilimo kikafuata. Baadaye nyumba za kukaa zilipatikana papo hapo, kwa hiyo si wote wanaokubali kwamba kilima kile kilikuwa mahali patakatifu tu. Lakini hakuna anayekana kwamba mamia ya mikono ilishirikiana katika kazi nzito, na hakuna dalili ya mtu aliyewaamuru kwa upanga.

Kilimo chenyewe kilikuja polepole mno. Suke la ngano ya mwituni likikomaa hupukutika, na punje zake huanguka ardhini. Ndivyo mmea unavyojipanda wenyewe. Mara chache hutokea suke lisilopukutika. Mwituni hilo ni kilema, kwa maana mbegu zake hazianguki. Lakini mtu avunaye kwa mundu huchukua nyumbani mengi ya masuke hayo yasiyopukutika, naye apandapo akiba yake huyapanda hayo. Kizazi baada ya kizazi ngano ikawa mmea usioweza kuishi bila mkulima, na mkulima akawa mtu asiyeweza kuishi bila ngano. Mwaka 1936 Gordon Childe aliyaita mabadiliko haya mapinduzi, na jina hilo limedumu. Hata hivyo mabaki ya mimea yaonyesha kwamba yalichukua miaka 1,000 au 2,000, na yaelekea hakuna aliyeyatambua alipokuwa akiyatenda.

Gharama yake imeandikwa katika mifupa. Kijiji cha Abu Hureyra kilikuwa kando ya mto Frati nchini Syria. Andrew Moore alikichimba mwaka 1972 na 1973 kwa haraka, kabla maji ya bwawa jipya hayajakifunika. Theya Molleson alipoichunguza mifupa ya wafu wa kijiji hicho, aliona kwamba vidole vya miguu, magoti na migongo, hasa ya wanawake, vimeharibika kwa namna moja. Walipiga magoti saa nyingi kila siku mbele ya jiwe la kusagia, vidole vya miguu vimekunjwa chini ya mwili. Mwanamke yeyote aliyekulia mahali ambapo mtama au ulezi husagwa kwa jiwe ataielewa mifupa hiyo upesi kuliko profesa. Atakayehubiri juu ya Mwanzo 3:17-19 asisahau kwamba jasho la mkate ule halikutoka katika uso wa mwanamume peke yake.

Kutoka hapo hata kufika dola ya kwanza ni mbali. Katika kilima cha Çatalhöyük nchini Uturuki, kilichochimbwa na James Mellaart mwaka 1961 hadi 1965, na tena na Ian Hodder tangu 1993 hadi 2018, watu walikaa kwa zaidi ya miaka 1,000 kuanzia karibu na mwaka 7100 K.K. Walikuwa mamia kwa makadirio ya chini, maelfu kwa makadirio ya juu. Nyumba zimebanana pasipo njia kati yake. Watu waliingia kwa ngazi kupitia darini na kuwazika wafu wao chini ya sakafu. Nyumba zalingana, na ghala la nafaka limo ndani ya nyumba ya yule yule atakayekula. Hakuna jumba la kifalme, wala ghala la watu wote. Tunaomba msomaji aliweke jambo hilo la ghala akilini, maana ndilo litakalobadilika.

Ereku

Mwanzo 10:10 hutaja miji ambayo ilikuwa mwanzo wa ufalme wa Nimrodi katika nchi ya Shinari, na mmoja wao ni Ereku. Mji huo ndio Uruk, au Warka kwa jina la leo, kusini mwa Iraki, ambao Wajerumani walianza kuuchimba mwaka 1912. Kufikia mwaka 3100 K.K. hivi ulikuwa umeenea katika hekta zipatazo 250, na wakazi wake walihesabika kwa makumi ya maelfu. Hapakuwa na mji mwingine duniani tunaoufahamu uliokuwa mkubwa kiasi hicho wakati huo. Nchi ni tambarare ya udongo wa mito isiyo na mawe ya kujengea. Walijenga kwa matofali, na lami ikawa chokaa yao, kama vile mwandishi wa Mwanzo 11:3 anavyoeleza kwa usahihi kwa wasomaji wake waliozoea kujenga kwa mawe.

Katikati ya mji ulisimama uwanja wa Eana, maana yake Nyumba ya Mbingu, mahali pa mungu wa kike Inana. Hapo ndipo vilipopatikana vitu viwili vinavyotueleza habari za dola kuliko kuta zote.

Cha kwanza ni bakuli. Ni chombo kibaya cha udongo, kimekandamizwa katika kalibu pasipo kuzungushwa, ukingo wake umekatwa mshazari, na ujazo wake haupishani sana na kibaba chetu. Vigae vyake hupatikana kwa maelfu mengi, si Uruk tu bali mahali pote palipofikiwa na nguvu zake, hata Syria na Iran. Hans Nissen ameeleza kwamba kilikuwa kipimo cha posho ya wafanyakazi. Wengine husema kilikuwa kalibu ya kuokea mkate. Sisi twaona kwamba maelezo hayo hayapingani sana. Chombo cha aina moja, kisicho na pambo, kilichotengenezwa kwa wingi na kutupwa kwa wingi, ni chombo cha watu wanaolishwa kwa kipimo na mtu mwingine. Mtu alaye chakula chake mwenyewe hahitaji kipimo.

Cha pili ni vibao vya udongo, vizima na vipande vipatavyo 5,000, vya kati ya mwaka 3350 na 3000 K.K. hivi. Ndiyo maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo, pamoja na vibandiko vidogo vya mifupa na pembe za ndovu ambavyo Günter Dreyer alivipata mwaka 1988 katika kaburi la mtawala mmoja huko Abido nchini Misri. Mtu angetazamia kukuta sala, au sheria, au sifa za wafalme. Hakuna. Karibu vibao tisa katika kila kumi ni hesabu za shayiri, pombe, kondoo, nguo, wafanyakazi. Vilivyobaki ni orodha za maneno za kuwafundishia makarani, na mojawapo ni orodha ya vyeo, ambayo iliendelea kunakiliwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Alama ya kula au kupewa posho ni kichwa cha mtu na bakuli mbele yake. Denise Schmandt-Besserat ameonyesha kwamba wakulima wa kale walihesabu mali yao kwa vijiwe vya udongo tangu karibu na mwaka 8000 K.K.; wanazuoni hawakubaliani ni kwa kiasi gani maandishi yalitokana na vijiwe hivyo, lakini kwamba maandishi yalizaliwa ghalani hakuna ubishi. Wanafunzi wa Kiebrania watakumbuka kwamba katika lugha ya Agano la Kale konsonanti zile zile tatu hubeba neno la kuhesabu, neno la kitabu na neno la karani.

Katika hesabu hizo watu nao wamo. Alama ya mtumwa wa kike imeundwa kwa kuunganisha alama ya mwanamke na alama ya milima, yaani nchi ya kigeni. Kwa hiyo twafahamu jinsi walivyopatikana bila kuambiwa. Robert Englund, aliyetumia maisha yake kuvisoma vibao hivi, alionyesha kwamba vikundi vya watumwa viliorodheshwa kwa utaratibu unaofanana na ule wa mifugo.

Katika uwanja huo huo lilipatikana pia jagi la jiwe lenye kimo cha mita moja hivi, lililochongwa kuzunguka pande zote. Liliporwa katika jumba la makumbusho la Baghdad mwezi Aprili 2003, likarudishwa mwezi Juni likiwa vipande vipande. Ukilitazama kutoka chini waona maji. Juu yake mimea. Juu ya mimea kondoo. Juu ya kondoo wanaume walio uchi wamebeba vikapu vilivyojaa. Na juu kabisa Inana, au kuhani wake wa kike, akipokea, na nyuma yake bidhaa zimekwisha wekwa ghalani. Mtu aliyewahi kuona sikukuu ya mavuno katika usharika wa vijijini, mikungu ya ndizi na debe za mahindi zikipelekwa madhabahuni, atadhani anaifahamu picha hiyo. Tofauti ni kwamba hapa kila ngazi yaibeba ile iliyo juu yake, na hakuna kinachoonyeshwa kikishuka.

Isidhaniwe kwamba hekalu lilimiliki kila kitu. Mjesuiti Anton Deimel alidai hivyo kwa kutegemea vibao vya Girsu, ambavyo ni vya karne nyingi baadaye, na kwa muda mrefu vitabu vilirudia dai lake mpaka Igor Diakonoff alipoonyesha kwamba ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa koo na watu binafsi. Lakini kwamba nyumba ya mungu ilikuwa ofisi ya kwanza ya hesabu, hilo ni vigumu kulikana.

Kwa nini walikubali?

Wataalamu wametoa sababu nyingi. Karl Wittfogel, mwaka 1957, alisema kwamba mifereji mikubwa ya kumwagilia ilihitaji amri moja. Robert Adams alizunguka nyanda za Iraki akipima alama za mifereji ya kale, akakuta kwamba ile ya mwanzo ilikuwa midogo, ya kutosha kusimamiwa na vijiji vyenyewe, na mifereji mikubwa ilikuja wakati dola zilikwisha kuwepo. Robert Carneiro, mwaka 1970, alifundisha kwamba dola huzaliwa mahali ambapo walioshindwa vitani hawana pa kukimbilia, kwa kuwa wamezungukwa na jangwa, milima au bahari.

James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 2017, aliitazama nafaka yenyewe. Ngano na shayiri huiva juu ya ardhi mbele ya macho ya mtoza kodi, huiva kwa wakati mmoja, hupimika, hubebeka, hudumu ghalani. Muhogo hukaa chini ya udongo, nao hungojea mpaka mtoza kodi aondoke. Maelezo haya yana nguvu, na mkulima yeyote wa Afrika ya Mashariki atatabasamu ayasikiapo. Hata hivyo hayatoshi kuwa kanuni ya mahali pote. Buganda na falme za Kihaya zilisimama juu ya mgomba, na ndizi haiwekwi ghalani hata mwezi mmoja. Huko watawala walidai nguvu za mikono, ng'ombe na nguo za magome ya miti. Kwa hiyo nafaka iliirahisishia dola kazi yake, lakini haikuilazimisha kuzaliwa. Miaka 5,000 ya wakulima wasio na mfalme yathibitisha hilo.

Tena dola ilipozaliwa haikuwa na uhakika wa kudumu. Huko Arslantepe, mashariki mwa Uturuki, Waitalia wamechimba tangu mwaka 1961, na Marcella Frangipane aliongoza kazi hiyo kwa miaka mingi. Karibu na mwaka 3300 K.K. hapo palijengwa jumba lenye maghala, na ndani yake zilipatikana lakiri za udongo zaidi ya 2,000. Kila mara mlango wa ghala au mtungi ulipofunguliwa, donge la udongo lenye muhuri wa mhusika lilivunjwa na kutunzwa kama stakabadhi. Mabakuli ya posho yamo pia, kwa mamia. Maandishi hayamo, waliweza kuendesha ofisi kamili kwa mihuri mitupu. Karibu na mwaka 3000 K.K. jumba liliteketea kwa moto, na juu ya majivu yake wafugaji wakajenga vibanda vya miti na udongo. Ghala la pamoja halikujengwa tena kwa muda mrefu. Hatujui kama ni wao waliochoma, lakini waliofuata hawakuona haja ya kulirudisha.

Na huko kusini, mahali dola zilipodumu, zililazimika kujirekebisha. Karibu na mwaka 2400 K.K. Enmetena, mtawala wa Lagashi, aliandika kwamba amewafutia watu wake madeni. Neno la Kisumeri alilolitumia kwa tendo hilo, amargi, maana yake ya asili ni kurudi kwa mama, kwa kuwa aliyefungwa kwa deni alirudishwa nyumbani kwao. Neno la Kiakadi lenye maana hiyo hiyo, andurarumu, ni ndugu wa neno la Kiebrania derori, lile la kutangaza uhuru katika Walawi 25:10, ambalo latokea tena katika Isaya 61:1, na kwa njia ya Isaya lafika katika sinagogi la Nazareti (Luka 4:18).

Israeli na ghala

Agano la Kale liliandikwa na watu walioishi jirani na maghala hayo, na mara nyingine chini yake. Lalikumbuka ghala kwa namna mbili. Katika Mwanzo 41 ghala la Yusufu laokoa maisha ya mataifa. Katika Mwanzo 47:13-26 ghala lile lile, kwa mkono wa Yusufu yule yule, lachukua fedha ya watu, kisha mifugo yao, kisha mashamba, na mwisho miili yao. Tena msimulizi haachi kutaja kwamba ardhi ya makuhani haikuguswa, kwa sababu posho yao ilitoka kwa Farao. Sura chache baadaye uzao wa Yakobo unajenga miji ya kuwekea akiba (Kutoka 1:11). Na wakiisha kutoka Misri, mkate wa kwanza wapewao jangwani ni ule usiowekwa akiba. Aliyeuweka hadi asubuhi aliukuta na mabuu (Kutoka 16:20), isipokuwa kwa ajili ya Sabato. Twadhani mpangilio huo si wa bahati.

Akiolojia ya nchi ya Israeli nayo ina la kusema. Katika milima ya Efraimu, Manase na Yuda, wachunguzi, akiwemo Israel Finkelstein, wamehesabu makao madogo zaidi ya 200 yaliyoanza karibu na mwaka 1200 K.K. Mengi ni vijiji vya nyumba chache zinazofanana, penye mashimo ya nafaka kando ya nyumba, pasipo jumba la mtawala. Katika nchi ya namna hiyo, onyo la 1 Samweli 8:11-17 juu ya mfalme atakayetwaa fungu la kumi la mbegu na mizabibu halikuwa fumbo. Watu wa vijiji hivyo walikuwa na miji yenye wafalme bondeni chini yao, na walijua hasa kinachosemwa.

Je, hayo yabomoa mafundisho yetu? Kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg chakiri kwamba serikali ya kiraia ni agizo jema la Mungu, nasi hatuna nia ya kukifuta. Lakini kifungu hicho hakisemi kwamba dola ni ya zamani kama shamba, wala kwamba pasipo dola watu hawakuweza kulima, kujenga na kuzikana kwa heshima. Anayehubiri Warumi 13 kana kwamba mamlaka ni hali ya asili ya wanadamu, kama mvua na jua, asema zaidi ya Paulo na zaidi ya Ungamo. Mtume amwita mtawala mtumishi, na mtumishi huulizwa juu ya utumishi wake. Luther naye, kwa ule mkate wake juu ya nembo, ametupa swali la kumwuliza: mkate ulioingia ghalani mwako umetoka kwa nani, na watoka kwenda kwa nani?

Kanisa lenyewe haliko nje ya swali hilo. Nasi tuna ghala, muhuri na daftari. Tuna majina yaliyoandikwa kwa namba juu ya bahasha. Ofisi ya kwanza ambayo kanisa la Yerusalemu liliiunda baada ya mitume ilitokana na manung'uniko juu ya posho, kwa kuwa wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1-6). Ghala lile lilikuwa na wahasibu saba, wote wenye majina ya Kiyunani, na wengi wa wafafanuzi huona kwamba walichaguliwa kutoka upande wa walionung'unika. Uruk haikufahamu utaratibu kama huo.

Tumalize na vitu viwili ambavyo mwanafunzi anayewasoma manabii wa karne ya nane K.K. angefaa kuviweka kando ya Biblia yake. Mwaka 1910 George Reisner, alipochimba jumba la wafalme huko Samaria, alipata vigae vipatavyo 100 vilivyoandikwa kwa wino. Ni kumbukumbu za mitungi ya divai ya zamani na mafuta safi iliyopelekwa mjini kutoka vijiji vya kandokando, kila kimoja kwa jina lake. Vyaelekea kuwa vya karne ile ile ya Amosi, naye Amosi 6:6 ataja divai na mafuta hayo hayo, akiwataja wale waliostarehe juu ya mlima wa Samaria.

Cha pili ni mpini wa mtungi. Zaidi ya mipini 2,000 imepatikana katika nchi ya Yuda, imegongwa muhuri wenye neno moja, lamelekhi, yaani kwa mfalme, na chini yake mara nyingi jina la mahali. Mingi ilipatikana Lakishi, katika tabaka la majivu ya mwaka 701 K.K., Senakeribu alipouteketeza mji huo siku za Hezekia. Uchimbaji wa David Ussishkin, ulioanza mwaka 1973, ndio uliothibitisha tarehe hiyo. Hezekia alikuwa akikusanya akiba kwa ajili ya vita, na 2 Mambo ya Nyakati 32:28 yataja maghala yake ya nafaka, divai na mafuta. Mipini ya aina hiyo imepatikana pia katika Tell Judeideh, kilima kisicho mbali na Lakishi, ambacho wataalamu wengi hukidhania kuwa Moreshethi. Hapo ndipo alipotoka Mika, aliyesema katika sura ya tatu ya kitabu chake kwamba wakuu wa Yakobo wanakula nyama ya watu wake.